Diski Iliyotoka Shabunda Kutafuta Mwisho Wake

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua za kwanza, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na kiburi cha watu wazima kumi. Nitakusimulia ya siku hiyo bila kujipendelea, maana aliyekosa ni mimi. Usinikatize. Najua umezoea kunikatiza, na kwenye kundi letu la simu ndiyo desturi yenu: mtu hajamaliza neno lake, wenzake wameshamtumia vichekesho kumi. Leo utanisikia mpaka nimalize, halafu utasema.

Sababu ya kukuita unaijua. Wiki hii Nsimire, yule binti wa mtaa wa Nyawera anayepiga gitaa, ameweka albamu yake kwenye kundi. Wimbo wa kwanza peke yake una dakika ishirini na mbili. Ninyi mnaojiita wapenzi wa rock progressif, ile rock ya nyimbo ndefu, mnaoshinda mkipendekezeana albamu za zamani na za sasa, mkibishana ipi ina kinanda kizuri na ipi iliharibika alipoondoka mpiga ngoma, mmemjibu ndani ya dakika tatu. Mimi nilikuwa fundi wa redio, si profesa wa hesabu, lakini hata mimi naona kuna kitu hakikai sawa hapo. Na wewe, uliye mkubwa wa kundi, uliandika maneno mawili: "Haina kitu." Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kusema lingine, na binti wa watu amenyamaza mpaka leo.

Basi sikiliza. Wakati ule nchi yetu ikiitwa Zaire, tulikuwa vijana saba tuliokutana kila Jumapili baada ya misa, hapa hapa mtaani Cimpunda, nyumbani kwa Muzee Cirhuza. Muzee alikuwa fundi wa kushona makoti, mjane, mtu wa maneno machache. Mashine ya kupigia diski, tourne-disque kama tulivyoiita, aliachiwa na mzungu mmoja aliyemshonea kwa miaka mingi. Ilikuwa ya sanduku. Ukifunga kifuniko unaibeba kama valizi, na ndani ya kifuniko ndimo ilimokuwa spika. Ilitumia umeme, na umeme ukikosekana ilikula mabuye sita ya redio, zile betri nene unazoziona siku hizi kwa nadra.

Diski zenyewe tulizipata kwa walimu na mainjinia wa Ulaya waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Cimpunda nzima ilikuwa inacheza rumba, nasi tumekaa kimya kwenye mabenchi tukisikiliza wimbo mmoja unaokula upande mzima wa diski: filimbi inaingia, kinanda kinapanda, ngoma inahesabu saba pale ambapo mtu mwenye akili zake anahesabu nne. Haikuchezeka hata kidogo. Maman mmoja jirani aliwahi kuja kuuliza kwa heshima kama humo ndani tuna mgonjwa. Kiingereza hatukukijua, lakini tulibishana mpaka mate yakakauka, na kila mmoja alikuwa na diski aliyowapendekezea wenzake kama vile ameitunga yeye.

Muzee Cirhuza hakuupenda muziki ule. Alishona tu, mgongo ametugeuzia. Lakini nyumba ilikuwa yake, na alituwekea sheria moja aliyoitoa kwa wazee wake wa Kabare, kwamba mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Kwetu sheria ikawa hivi: diski ya mgeni inapigwa ya kwanza, pande zote mbili, na hakuna wa kufungua kinywa mpaka sindano itoke yenyewe. Kisha mgeni ndiye anayesema wa kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na Muzee aliishika methali hiyo kwa mikono miwili. Sisi tuliishika kwa vidole.

Jumapili ninayokuambia, Muzee alikuwa amekwenda kwenye matanga ya binamu yake. Ufunguo aliniachia mimi, maana nilikuwa katibu wa kundi. Na siku hiyo, mwanangu, nilikuwa na changu. Ijumaa yake nilikuwa nimepata diski kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anaondoka, jalada linang'aa, picha ya mlima uliopasuka katikati. Nilikuwa nimeipiga mara tisa, na nilikuwa na hamu ya kuona nyuso za wenzangu wakiisikia. Umeme wa Cimpunda nao ulikuwa kama wa kuazima, unakuja na kuondoka unavyotaka. Hofu yangu yote ilikuwa ukatike kabla ya zamu yangu.

Ndipo akaingia mtu mwenye buti za mpira, matope mekundu mpaka magotini. Alikuwa na miaka kama thelathini. Mkononi alishika kitu bapa kilichofungwa ndani ya kitenge na kamba.

"Nilisikia hapa munapigaka miziki mirefu," alisema. "Miye naitwa Mulonda. Ni mutu wa kuchimba dhahabu, nimetoka Shabunda. Nimekuya na hii yangu."

Alifungua kitenge. Jalada la diski lilikuwa limeliwa na unyevu, halina picha wala maandishi, limebaki karatasi ngumu yenye rangi ya jani kavu la mgomba. Hata lile duara la katikati ya diski lilikuwa limefutika. Nikamuuliza inaitwaje.

"Jina yake mvua ilikula," alijibu, akacheka kidogo.

Mimi sikucheka. Nilitazama zile buti, nikatazama taa ya juu kama bado inawaka, nikaweka diski yake. Ilianza kwa mikwaruzo, halafu kikaja kinanda kama cha kanisa, pole pole: noti mbili tatu, kimya. Noti mbili tatu, kimya tena. Dakika moja, mbili, tatu. Kwenye dakika ya nne nilisimama, nikainua sindano.

"Hii ni ya misa," nikasema. "Na misa tumeshatoka."

Wenzangu walicheka. Nikampa mgeni diski yake, nikaweka yangu. Sitakudanganya kwamba sikujua nilichofanya. Nilijua, na nilifanya. Nilijiambia kwamba Muzee hayupo na umeme haungojei mtu.

Mulonda aliifuta diski yake kwa pindo la shati, akaifunga kwenye kitenge, akaketi. Sikutegemea aketi. Alisikiliza diski yangu pande zote mbili, viwiko juu ya magoti, bila kusema neno. Ilipokwisha wenzangu wakaanza kunisifu, nami nikiwa nimeshiba sifa nikamgeukia yeye na kumuuliza ameionaje, nikitaka achangie.

"Iko muzuri," alisema. "Ule wa ngoma, upande ya kwanza anaogopa. Anamufwata tu mwenye gitaa. Upande ya pili anaacha kuogopa, na ni pale muziki inaanza."

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amesikia jambo hilo, pamoja na mimi niliyeipiga mara tisa. Baada ya hapo alishukuru, akatupa mkono mmoja mmoja, akatoka na matope yake. Niliketi pale na sifa zangu, na tayari hazikuwa tamu.

Muzee alirudi kwenye saa kumi. Kabla hajavua koti aliuliza, "Ule mutu wa Shabunda alifika?"

"Alifika, Muzee."

"Alisikia mwisho?"

Sikuelewa swali. Nilimweleza, nikijaribu kulilainisha, kwamba diski ilikuwa ya zamani, kwamba ilikuwa ya kanisa, kwamba umeme ungeweza kukatika. Wenzangu walikuwa wanatazama sakafu. Muzee aliketi kwenye cherehani yake, akachukua uzi na kuanza kuutia kwenye sindano. Hakupaza sauti. Ninachokuambia sasa nakishika moyoni neno kwa neno.

"Ule mutu nilimukuta jana ku soko ya Kadutu, ni miye nilimwita, nikamwambia na sheria ya hapa," alisema. "Ana ile diski miaka ine. Kule kwabo courant haiko. Mashine yake inakulaka mabuye, na mabuye inafikaka Shabunda ikiwa imechoka. Kila mara inakufa katikati ya upande ya pili. Miaka ine hajasikia mwisho. Ametembea siku tano juu ya kusikia mwisho kwangu. Kwangu, unasikia? Haiko kwako."

"Sikujua, Muzee."

"Ungejua namna gani? Mutu amekaa ku meza, unamunyanganya sahani, kisha unasema sikujua kama ana njaa."

Uzi ukaingia. Akaukata kwa meno.

"Beba mashine," akasema. "Iko Nyantende, kwa dada yake. Siku ya pili asubuhi anarudia Shabunda. Hapana rudi hapa kama hajasikia mwisho."

Siku ya pili kwetu ni Jumanne, mwanangu. Nilibaki na Jumatatu peke yake. Kama ningechelewa, yule bwana angerudi siku tano porini na diski isiyo na mwisho, na sababu ni mkono wangu mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema moyoni kwamba atausikia, hata kama nitaubeba mwisho wenyewe kichwani.

Nyantende hakukuwa na umeme, na kisanduku cha mabuye kwenye mashine kilikuwa kitupu. Jioni ile ile nilipita nyumba kwa nyumba kwa wenzangu kuomba. Kila mlango nilipaswa kueleza kwa nini, na kila nilipoeleza kisa kilizidi kuwa kibaya. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hulazimiki kukisimulia. Wa kwanza alicheka, akatoa buye moja la tochi yake. Wa pili aliniambia mtu wa Shabunda angoje mwaka mwingine, nikasimama mlangoni pake mpaka mama yake akamwambia atoe niondoke. Nikapata manne. Mawili yaliyobaki Muzee aliyatoa ndani ya redio yake mwenyewe, ile anayosikilizia habari kila asubuhi. Yote sita yalikuwa nusu ya kufa.

Jumatatu alfajiri nilijitwisha mashine juu ya kata ya nguo, nikashika njia ya Nyantende. Udongo ulikuwa telezi baada ya mvua. Akina mama walikuwa wanashuka kuja mjini na makaa na mihogo, na wakiona kijana wa mjini na valizi kichwani hawakuweza kunyamaza. "Papa, unahama? Bibi amekufukuza?" Niliteleza mara mbili, mara ya pili nikaanguka kwa magoti nikiwa nimeishika mashine juu kwa mikono yote miwili. Magoti yangu yakawa mekundu kama buti za Mulonda. Nililiona hilo mwenyewe, hakuna aliyenionyesha.

Nilimkuta shambani, anapalilia maharagwe ya dada yake. Aliponiona alisimamisha jembe.

"Muzee amenituma," nilianza, kisha nikaona huo ni ukweli wa nusu. Nikautua mzigo chini. "Nimekuya kuomba pardon. Jana nilikukosea, na nilijua ninakukosea."

Alinitazama magoti, akatazama mashine.

"Iko na mabuye?"

"Sita. Lakini imechoka."

Hapo ndipo alipocheka kwa sauti. "Basi tuko sawa na Shabunda."

Dada yake, Maman Faida, hakukubali tufungue chochote kabla hatujala. Akatuwekea viazi vitamu na maharagwe, akasimama hapo mpaka sahani zikawa nyeupe. Nilikula nikiwa na haya, maana nilipokelewa vile vile ambavyo mimi sikumpokea ndugu yake.

Baada ya kula tukabishana. Mimi nilisema mabuye ni dhaifu, tuanze moja kwa moja upande wa pili, pale panapomkatikia, tusije tukayamaliza njiani. Nilidhani ni busara. Mulonda alikataa kabisa; hata kwao hakuwahi kuuruka upande wa kwanza.

"Weye haujasikia upande ya kwanza," alisema. "Utasikia mwisho ya nini?"

"Lakini mwisho ni weye unautafuta, haiko miye."

"Kule kwetu hakuna mutu wa kusikiliza hii. Banasemaka Mulonda anapiga kelele ya bazungu. Nikisikia mwisho peke yangu, nitaongeya na nani?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi nikishika diski na kaseti na sahani zile ndogo za kung'aa, na sasa simu, na sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi kwa nini tunapendekezeana muziki. Yule mtu hakutembea siku tano kutafuta sauti tu. Alitafuta mtu wa kuzungumza naye. Na mtu aliyempata nilikuwa mimi.

Tukaweka upande wa kwanza. Kinanda cha kanisa kikaja, noti mbili tatu, kimya. Nilishika magoti yangu nikangoja. Ilipofika dakika ya sita, ngoma iliingia kutoka mbali, gitaa likaifuata, na kile nilichokiita misa kikaondoka kwa mbio mpaka nikasahau kumeza mate. Dakika sita. Jana yake nilikata kwenye ya nne. Nilikosa uvumilivu wa dakika mbili tu, baada ya mtu kutembea siku tano. Nililia, sikuficha, na Mulonda alijifanya anaangalia kuku.

Upande wa kwanza ulipokaribia kwisha, sauti ilianza kulegea. Tukatoa mabuye yote sita, tukayaanika juu ya bati la jiko. Ninyi hamkuishi na mabuye, hamjui: ukiyaweka juani yakapata joto, yanarudisha nguvu kidogo, kama mzee aliyeota moto. Tukayageuza geuza kwa saa mbili nzima, tukizungumza. Mimi nilikuwa nazijua diski sitini. Yeye alikuwa anaijua moja. Lakini ile moja aliijua kiasi kwamba sitini zangu zilianza kunitia wasiwasi. Aliniambia mahali ambapo mpiga filimbi anavuta pumzi, na mahali ambapo wote wanakosea pamoja na kuendelea kama vile walipanga.

Kisha mawingu yakashuka kutoka upande wa mlima Kahuzi na jua likafungwa. Nikasema tumekwisha. Maman Faida akainuka. Alikusanya yale mabuye kwenye kanga yake, akaenda kuyapanga kando ya mafiga, mbali kidogo na moto yasipasuke, na kuyageuza kwa kijiti pamoja na mahindi yake. Mvua ilianza. Aliporudi aliyamimina kwenye mikono yangu yakiwa vuguvugu.

"Haraka, babangu," alisema. "Hii itapoa."

Tukaweka upande wa pili. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka ilibidi tuinamishe vichwa kwenye spika, masikio karibu kugusana. Katikati ya upande, Mulonda aliinua mkono.

"Hapa. Ni hapa inakufaka."

Tukashika pumzi. Ikapita. Kuanzia pale tulikuwa sawa, yeye na mimi, hakuna aliyejua kinachokuja. Nadhani ilikwenda hivyo dakika tano. Halafu mwimbaji akaanza kuzama, sauti yake ikawa ya mzee, kisha ya fahali. Mota ilikuwa inakata roho. Spika bado ilikuwa na chembe ya nguvu. Fundi yeyote wa redio atakuambia spika hula kidogo kuliko mota. Mulonda alifumba macho kama mtu aliyezoea. Nikamwambia, "Hapana, leo haikatiki," nikaweka kidole changu kwenye duara la katikati la diski, nikaanza kuizungusha kwa mkono.

Mara ya kwanza nilikimbiza, wote wakaimba kama ndege. "Pole," alisema Mulonda, na akaanza kunipigia mwendo kwa kisigino sakafuni. "Pole. Mufwate mutu, hapana mutangulia." Nikamfuata. Kidole kiliniuma, kikafa ganzi, nikabadilisha kingine bila kusimama. Sauti ilikuwa inayumba, inapanda na kushuka, lakini ilikuwa inakwenda. Na mwishoni kabisa kinanda cha kanisa kikarudi. Noti mbili tatu, zile zile nilizozikata. Pale palipokuwa na kimya upande wa kwanza, sasa waliimba watu wengi pamoja. Kimya kile nilichokidhani cha bure kiliachwa wazi tangu mwanzo ili kije kijazwe. Kama tungeanza pale nilipotaka mimi, ningesikia kelele za kanisa tu, nisielewe kitu.

Sindano ikafika katikati, ikagonga, ikagonga. Nikatoa kidole.

Nilimngoja Mulonda aseme.

"Mugeni ndiye anasema wa kwanza," aliniambia. "Leo mugeni ni weye."

Mimi, katibu, mwenye diski sitini na maneno kwa kila moja, nilitoa mawili tu. Nikasema, "Tupige tena."

"Mabuye imekufa."

Tukacheka mpaka Maman Faida akaja kuchungulia. Baadaye, mvua ikiwa inapungua, Mulonda aliiweka diski kwenye lile jalada lililoliwa, akasema kama anayejisemea, "Kumbe mwisho inarudiaka kwabo." Kwamba ule wimbo, baada ya safari yote ile, unarudi kwao. Mpaka leo sijasoma uchambuzi wa albamu uliozidi huo.

Jumanne alirudi Shabunda. Aliahidi kuja tena na sikumwona tena. Barabara ilikufa, kisha zikaja zile vita ambazo wazazi wako wanazijua. Nilipoambiwa na watu wa huko kwamba hawamfahamu, niliendelea kuuliza kwa wengine, na bado nauliza. Jina la diski ile sikulipata kamwe. Nimeitafuta maisha yangu yote. Mwaka huu niliwaimbia ninyi zile noti za kinanda kwenye kundi, mkanitajia albamu tano, nikazisikiliza zote mpaka mwisho, na siyo hata mojawapo. Kwa hiyo ukiniuliza ni albamu gani ninayokupendekezea mbele ya zote, ndiyo hiyo, na siwezi kukuambia inaitwaje.

Sasa nakuambia ninachotaka. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake, na albamu usiyoifikisha mwisho huna ruhusa ya kuihukumu. Sikuambii upende kila kitu. Nimekataa diski nyingi katika maisha yangu, na baadhi nikizikuta leo nitazikataa tena kwa furaha. Lakini zikatae ukiwa umetoka upande wa pili. Na usipendekeze pia usichokijua, eti kwa sababu jalada linang'aa au kwa sababu wakubwa wa mtandaoni wamekisifu. Huo nao ni uongo, ila umevaa heshima kidogo. Mgeni akikuletea chake, kipige kwanza, kipige chote, halafu mwache aseme yeye kabla yako. Ukimkatiza mtu, usingoje wazee wakutume. Beba mashine mwenyewe.

Na ili usidhani najifanya mtakatifu: albamu ya Nsimire, nilipoifungua, kidole gumba changu hiki kilikuwa tayari juu ya kioo. Mwanzo wake una sauti ya likembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba, inayorudiarudia na upepo wa ziwani, dakika nyingi. Kidole hicho kilinikumbusha kile kilichoinua sindano. Nikakiondoa, nikakaa. Nimeisikiliza mara mbili mpaka mwisho, na nina la kusema juu yake, zuri na baya. Hutalisikia leo. Utalisikia Jumapili saa nane, hapa kwangu, baada ya yeye kusema wa kwanza. Betri ya gari nimeshaijaza, umeme ukatike usikatike tutafika. Atakayefungua kinywa kabla ya mwisho ataosha masahani yote, na masahani yatakuwa mengi, maana tutakula kwanza.

Wewe ndiye utakayemwalika. Si kundi, wewe, kwa jina lako, na umwambie kwamba uliandika bila kusikiliza. Asipojibu kwenye simu, nenda Nyawera kwa miguu. Mimi nilikwenda Nyantende, na Nyantende ni mbali zaidi.

Nenda sasa, mwanangu, nimemaliza, unaweza kusema. Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi unaojua kungoja zamu yake. Akupe magoti mekundu siku utakapoyahitaji. Na siku ile utakapobeba cha kwako, kilicholiwa na mvua mpaka jina, ukasimama kwenye mlango wa watu usiowajua, wakukaribishe mezani, wakupigie pande zote mbili, na mmoja wao akae nawe mpaka sindano itoke yenyewe.